Nyongeza ya Mkate

Neno nyongeza linakaribia kusahaulika madukani. Kijana wa leo akilisikia hudhani tunazungumzia mshahara. Kwetu sisi tuliozaliwa Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1950, nyongeza ilikuwa kile kidogo ambacho muuzaji alikutilia mkononi baada ya bei kwisha kulipwa: andazi moja juu ya matano, kipande cha sukari guru, au pipi kwa mtoto aliyetumwa. Hukuiomba kwa sauti. Ulisimama tu mbele ya meza, hukuondoka, naye mwenye duka alielewa.

Tangu nistaafu nimepata wasaa wa kuyatafakari mambo madogo ya aina hii. Nimeona, ndugu msomaji, kwamba historia ya mkate katika mkoa wetu wa Shinyanga na jirani zetu wa Geita yaweza kusimuliwa kwa kufuata swali moja tu. Ile ziada ndogo inayopita juu ya bei ilitoka mkono wa nani, ikaingia mkono wa nani? Ukijua hilo umekwisha kujua nani alikuwa akimhitaji mwenzake.

Mkate wa ngano si mzaliwa wa huku. Nchi yetu ni ya jua kali na mvua za mashaka. Wazee wetu walikula ugali wa mtama na wa uwele, na asubuhi walikunywa uji au walitafuna michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo hadi leo sioni kitafunio cha kuvizidi. Unga wa ngano ulikuja na gari moshi. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, ilileta maduka ya Waasia, na maduka yakaleta unga mweupe, hamira na chai ya pakiti. Mkulima aliuonja mkate msimu wa pamba, alipokuwa na fedha mkobani. Msimu ukiisha, mkate nao uliisha, akarudi kwenye michembe yake bila kinyongo.

Waliobadili mambo ni watu wa mshahara. Mwaka 1940 Dakta Williamson aligundua almasi Mwadui, na huko Geita mgodi wa dhahabu ulikuwa umekwisha kuanza tangu 1936. Mtu anayelipwa kila mwezi, anayeamka kwa king'ora na hana muda wa kusubiri uji uchemke, huyo ndiye mnunuzi wa mkate. Mkate hufuata mshahara. Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, mshahara ule uliondoka na mengi yaliyoufuata.

Katika siku hizo nilitumwa dukani na sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati, nimeifunga kwa uzi ili isipotee. Nyongeza ilikuwa yangu, si ya nyumbani, na mama alilijua hilo. Baadaye nikiwa mwalimu nilisoma kwamba Waingereza nao walikuwa na desturi hiyo: mwoka mikate wao aliuza mikate 13 kwa bei ya 12. Lakini sababu yao, kama inavyoelezwa, ilikuwa hofu. Tangu karne ya 13 walikuwa na sheria kali juu ya uzito wa mkate, na mwoka aliongeza mmoja asije akaadhibiwa kwa kupunja. Ya kwetu haikuzaliwa na hofu ya hakimu. Mtaa mmoja ulikuwa na maduka kadhaa, na mkulima wa pamba aliyenuna aliweza kuvuka barabara.

Kisha ukaja wakati ambapo hapakuwa na pa kuvuka kwenda.

Sitaki kuueleza wakati ule kama wanavyoueleza wale wanaoona kila kitu cha Ujamaa kilikuwa giza. Mimi ni mtoto wa mkulima niliyesomeshwa bure na nchi hii, na sijasahau. Lakini mkate ulitoweka. Biashara ya nafaka na usagishaji ilikuwa mikononi mwa Shirika la Usagishaji la Taifa, lililoundwa mwaka 1968, na bidhaa nyingine ziligawanywa na makampuni ya biashara ya mikoa. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulitulisha unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, tuliouita unga wa Yanga. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikafuata, na Mwalimu Nyerere akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ilipita, mikanda haikulegea. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na ngano ya mashamba ya Hanang, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Kanada, haikutosha nchi nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu. Kupata mkate kulihitaji foleni, na foleni ilipangwa tangu alfajiri kwa vikapu na mawe. Kila jiwe lilikuwa na mwenyewe. Bidhaa nyingine zilihitaji barua ya balozi wa nyumba kumi. Nyingine ziliuzwa kwa masharti: ukitaka sukari, chukua na kitu kilichooza stoo. Katika duka moja, ambalo sina haja ya kulitaja, muuzaji alikuwa na neno lake. Hakusema rushwa. Alisema, "Mwalimu, na asante?" Asante hiyo ilitangulia mkate. Usipoitoa, mkate ulikuwa umekwisha, hata kama harufu yake ilikuwa ingali mlangoni.

Ndivyo nyongeza ilivyogeuza njia. Zamani ilitoka kwa muuzaji kuja kwetu, sasa ikatoka kwetu kwenda kwake, tena imefichwa ndani ya kiganja.

Mwanachuo wangu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliwaandikia watoto wa darasa la tano hesabu ya mafumbo ubaoni. Mama ana kiasi fulani cha fedha, bei ya mkate ni kadhaa, asante ya muuzaji ni kadhaa, je, atabakiwa na ngapi? Watoto wote waliipata. Hakuna hata mmoja aliyeuliza asante ya muuzaji ni nini. Mwenzetu mmoja tuliyekuwa naye katika ukaguzi alitaka kijana yule aripotiwe kwa kukashifu maduka ya umma, na katika mwaka ule taarifa kama hiyo ingeweza kumkosesha cheti. Tulibishana hadi usiku. Hoja yangu ilikuwa moja: mkaguzi wa somo la hesabu hukagua jibu, na jibu lilikuwa sahihi. Kijana alipata cheti chake.

Mwezi Machi 1983 ulianza msako wa wahujumu uchumi. Wengi wetu tulimshangilia Waziri Mkuu Sokoine, na hadi leo namheshimu, maana alimaanisha alichosema. Hata hivyo msako hauoki mkate. Mali zilizofichwa zilitupwa au zikazikwa, na rafu zikazidi kuwa tupu. Kilichorudisha bidhaa ni bajeti ya Juni 1984, iliyowaruhusu watu kuagiza vitu kutoka nje kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe bila kuulizwa sana zilikotoka. Hatua kwa hatua unga ulirudi. Muuzaji yule yule aliyekuwa akisema "hakuna" akaanza kusema "karibu", na uso wake ulionyesha taabu ya kujifunza neno jipya.

Katika miaka hiyo hiyo dhahabu iliamka. Wachimbaji wadogo walijaa Nyarugusu, Rwamgasa na Bulyanhulu, na mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu yao kwa bei inayokaribia ya soko, waliongezeka zaidi. Mimi wakati huo nilikuwa mkuu wa shule, na migodi ilikuwa adui wa madaftari yangu ya mahudhurio. Nilimfuata mvulana wa darasa la sita aliyeacha shule ili abebe beseni la maandazi kutoka duara hadi duara. Aliyemtuma alikuwa mama mmoja mtu mzima, kila mtu alimwita Mayu. Nilikwenda kwa ukali. Yeye alinikaribisha chai, akanifungulia daftari lake.

Lilikuwa limeandikwa majina ya utani matupu, na mbele ya kila jina idadi ya maandazi. Wachimbaji walikula kwa mkopo hadi mawe yao yatoke kwenye karasha na dhahabu ionekane mwaloni. Wengine dhahabu haikuonekana. Wengine walihama usiku. Majina mawili yalikuwa yamepigwa mstari, nikauliza kama walilipa. "Walifukiwa, Mwalimu," akasema. Tukiwa tumekaa, akaja kijana mwenye vumbi hadi kwenye kope, akachukua andazi moja, akaweka noti kubwa, akakataa chenji. Nilidhani nimeona bakshishi, majivuno ya mtu aliyepata. Mayu aliikunja noti akaanza kufuta mistari katika daftari. Yule alikuwa amewalipia wenzake bila kujua, au pengine akijua. Mvulana wangu alirudi darasani Jumatatu. Alhamisi alitoroka tena.

Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na wadeni wakatawanyika. Daftari la mkopo lenye majina ya watu wa huko likawa karatasi ya kuwashia moto. Mwaka 2000 mgodi mpya ulifunguliwa Geita, mwaka uliofuata ukafunguliwa wa Bulyanhulu, na 2009 ukafuata wa Buzwagi, ambao nao ulifungwa mwaka 2021. Mishahara ikarudi, mkate ukaifuata. Nenda leo Kahama au Geita, ambayo ni mkoa tangu 2012, utakuta bekari zenye makabati ya vioo: skonzi, sambusa, keki za siku ya kuzaliwa zilizoandikwa majina. Binti aliye nyuma ya kioo ananiamkia vizuri, "Shikamoo babu, karibu," na wakati wa kulipa husema kwa aibu kidogo, "Babu, hata hela ya soda?"

Humpa. Lakini kwanza nataka chenji yangu yote, shilingi kwa shilingi, kisha ndipo nitoe kwa hiari yangu. Zawadi inayochukuliwa kabla ya kutolewa naijua, niliwahi kuisimamia foleni. Taifa zima limewahi kusumbuka na mpaka huo: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Na zipo nchi ambako bakshishi imekwisha kula mshahara wenyewe. Marekani, sheria ya shirikisho tangu 1991 inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, ikiwa bakshishi za wateja zitafikisha kima cha chini.

Jambo linaloniudhi ni pipi. Bekari nyingi hazina sarafu, kwa hiyo hukupa pipi badala ya chenji. Pipi hiyo hiyo iliyokuwa nyongeza yangu ya utotoni sasa nauziwa bila kuulizwa. Unga ulipopanda mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, mikate mingine haikupanda bei ila ilipungua, na hakuna aliyetangaza.

Nje ya bekari ninayoizoea, chini ya mwarobaini, yupo mama anayekaanga maandazi. Ukinunua sita hukutilia la saba. Niliwahi kumwuliza binti wa ndani, kwa utani, kwa nini yeye hanitilii. Alinionyesha karatasi. Kila asubuhi keki na skonzi huhesabiwa, na jioni huhesabiwa tena pamoja na fedha. Ya saba ingekatwa kwenye mshahara wake.