Mboga za Porini Kirotshe: Kuchuma kwa Usalama

Kuchuma mimea ya porini ni kukusanya majani, matunda au viazi ambavyo havikupandwa na mtu, ili viliwe. Katika zone ya afya ya Kirotshe, mashariki mwa Kongo, kando ya Ziwa Kivu (takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari), mboga hizo huota pembeni mwa mashamba na katika ardhi iliyopumzishwa. Juu yake ni milima yenye baridi ya Masisi. Magharibi, ardhi huteremka hadi msitu wa joto na mvua wa Walikale. Kila ukanda una mimea yake, kwa hiyo mjuzi wa milimani huwa mgeni msituni. Kwa familia zinazokimbia vita, ugeni huo ni hatari ya kwanza.

Mimea na maandalizi yake

Lengalenga (Amaranthus), ambayo Watanzania huiita mchicha, huchumwa ikiwa changa, huchemshwa na maji yake humwagwa ili kupunguza oksaleti na nitrati. Mnavu (jamii ya Solanum nigrum) huliwa majani yaliyopikwa. Tunda lake bichi la kijani lina solanini. Fumbwa (Gnetum africanum), mmea unaoparamia miti katika misitu ya Kongo, una majani magumu yanayokatwa membamba sana, kisha hupikwa kwa karanga. Viazi vikuu vya mwitu (Dioscorea) vinahitaji tahadhari zaidi: vingine huiva kwa kuchemshwa tu, lakini Dioscorea dumetorum wa mwituni una sumu ya neva, hivyo hukatwa vipande na kulowekwa siku kadhaa kabla ya kupikwa.

Vyanzo vya sumu

Mnanaha (Datura) huota palepale penye mboga. Alkaloidi zake hukausha kinywa, hupanua mboni za macho na kumfanya mtu apayuke. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada uliochafuliwa na alkaloidi za aina hiyo uliua watu na kufanya mamia waugue. Uyoga si mmea, ila huchumwa pamoja na mboga. Sumu ya baadhi ya Amanita haiondoki kwa moto, na dalili hukawia saa 6 au zaidi. Kuona nyani akila kitu si ushahidi kwamba binadamu hatadhurika.

Kanuni

Chuma tu unachokitambua kwa jani, shina, ua na harufu, na ambacho wenyeji wa hapo hukila. Epuka kando ya barabara, migodi, mashamba yaliyopuliziwa dawa na viwanja vya mapigano vyenye mabomu yasiyolipuka. Osha mboga ili kuondoa majivu ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira. Mtu akiugua, asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya pamoja na mabaki ya alichokula, hata kama amepata nafuu.