Mustang ya 1965: Umbo la Zamani, Injini ya Leo

Leo tuweke kompyuta kando tuzungumzie gari, ingawa mwishowe mtaona ni mambo yetu yale yale ya programu.

Ford ilizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia jijini New York. Bei ilianzia dola 2,368, na katika mwaka wa kwanza yaliuzwa zaidi ya magari 400,000. Kwa mwaka wa 1965, injini kali kuliko zote katika orodha ya kawaida ya Ford kwa Mustang ilikuwa V8 yenye nguvu za farasi 271, ikilishwa petroli na kabureta.

Lakini tusidanganyane: gari lilikuwa na kasoro. Breki za magurudumu yote manne zilitegemea mfumo mmoja wa mafuta. Yakivuja kwenye gurudumu moja, breki zote zinapotea! Mfumo wa njia mbili ulikuja 1967. Tena, upande wa juu wa tangi la petroli ndio uliokuwa sakafu ya buti. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu wa mfumo mzima kutegemea sehemu moja.

Miaka ya 1970, sheria za hewa safi, bima ghali na uhaba wa mafuta wa 1973 zikayamaliza magari ya nguvu ya Marekani. Hata hivyo mapenzi hayakuisha. Watu walianza kuyafufua, na safari hii wakatia vyuma vipya ndani ya umbo la zamani.

Mfano uliokwenda mbali kuliko mingi ni Mustang ya 1965 ya Ken Block, dereva wa rali, iliyoonyeshwa Las Vegas mwaka 2014 kwa jina la Hoonicorn. Ilikuwa na V8 ya lita 6.7, nguvu za farasi 845, gia sita, na injini iliyosukuma magurudumu yote manne. Baadaye akataka kupanda nayo mlima wa Pikes Peak kule Colorado. Kileleni, mita 4,302 juu ya bahari, hewa ni kama theluthi mbili tu ya ile ya pwani, na injini isiyo na turbo huishiwa pumzi. Basi wakafunga turbo mbili, wakatumia methanoli, nguvu zikafika 1,400. Alipanda mwaka 2017. Block alifariki Januari 2023.

Je, hiyo bado ni Mustang? Chesisi ni ya mabomba mapya, injini mpya, gia mpya. Kilichobaki ni sura. Ni kama kuandika programu upya yote ukaacha skrini ile ile ambayo mtumiaji ameizoea.

Maoni yangu ni haya. Mwenye Mustang ya marehemu babake aanze na breki kabla ya kuota farasi 1,400. Hilo ni suala la uhai. Lakini kila kipande anachokitoa akihifadhi, akiandikie kilitoka wapi. Gari lisiloguswa ndilo linaloonyesha mafundi wa 1965 walifikiri vipi, pamoja na makosa yao. Hakuna anayefuta programu ya zamani bila kuweka nakala. Au wewe huthubutu?