Nyasi za Uani: Adui au Jirani?

Mji wa Bujumbura, uliokuwa ukiitwa Usumbura, ulianza mwaka 1897 kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Wabelgiji waliuteka mwaka 1916. Mwaka 1952 serikali yao iliunda shirika la kujenga nyumba za Waafrika mijini, na kutokana na shirika hilo mtaa wa Ngagara, kaskazini ya mto Ntahangwa, ukajulikana kwa jina la OCAF. Nyumba zilipangwa kwa safu, na vitongoji vikapewa namba badala ya majina. Katika makala haya tunakusudia kutazama jambo dogo lililofuatana na mpango huo, nalo ni ufyekaji wa nyasi.

Kabla ya hapo, Mrundi aliyejenga rugo alizungushia ua wa miti hai. Vigingi vya mivumu vilichipua na kuwa miti mikubwa, na matunda yake yakawalisha ndege na popo. Kaya ilipohama, miti ilibaki kuwa ukumbusho wake. Kwa hiyo makao ya binadamu hayakuwafukuza viumbe wengine wote.

Katika miji ya kikoloni, usafi ulipewa maana nyingine. Maafisa wa afya walikagua nyua, na majani marefu yakahesabiwa kuwa maficho ya mbu. Pamoja na hayo, bustani za Wazungu zilileta mfano wa zulia la nyasi fupi, desturi ya Ulaya iliyopata nguvu baada ya Mwingereza Edwin Budding kubuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Ndipo nyasi ndefu zikawa dalili ya uvivu.

Je, hofu ile ilikuwa ya bure? La hasha. Malaria ni ugonjwa unaoua, na nyoka hujificha vichakani. Lakini mwaka ule ule wa 1897, Ronald Ross aligundua huko India vimelea vya malaria ndani ya mbu, na utafiti uliofuata ulibainisha kwamba mbu hao huzaliana katika maji yaliyotuama. Majani huwapa pahali pa kupumzikia tu. Anayefyeka ua mzima huku akiacha mfereji ulioziba na makopo yaliyojaa maji amemwacha adui mlangoni, akampiga jirani.

Naam, jirani, kwani mnana hufuma kiota chake kwa nyasi, na nyuki hutafuta chakula katika maua tunayoyaita magugu. Zaidi ya hayo, mizizi hushika udongo. Usiku wa tarehe 9 Februari 1914 haukumbukwi na yeyote, lakini ule wa tarehe 9 Februari 2014 hautasahauliwa: mafuriko yaliua watu zaidi ya 60 kaskazini ya Bujumbura. Maji yale yalitoka milimani, na hatudai kwamba nyasi za uani zingaliyazuia. Hata hivyo, kila ua ulio udongo mtupu huongeza maji na tope mferejini, na kingo za Ntahangwa zinaendelea kumong'onyoka.

Basi haki iko wapi? Kwa maoni yetu, mwenye ua ana wajibu wa namna mbili. Yampasa kufyeka karibu na mlango na pale wachezapo watoto, kwani uhai wao watangulia. Lakini kando ya ua na ukingoni mwa mfereji, aache nyasi zitoe maua na mbegu kabla ya kuzikata, na apande mvumu palipo na nafasi ya kutosha, mbali na kuta. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi walimu tuna sehemu yetu. Katika shule nyingi, mwanafunzi mkosaji hupewa fyekeo akakate majani. Tunamfundisha hivyo kuchukia kazi na kuchukia mmea kwa pamoja. Afadhali tumpeleke uwanjani akiwa na daftari, ahesabu viumbe waishio humo na kuandika majina yao kwa Kirundi na kwa Kiswahili. Asiyejua jina la jirani yake hawezi kumhurumia.