Mbona Fotokopi Hutoka Ikiwa Moto? Stori ya Ile Mashine ya Saiba

Uko saiba, unatoa kopi ya ID na setifiketi juu kuna job umeona na mwisho wa kutuma ni leo. Taa inapita chini ya kioo, karatasi inatoka ikiwa moto. Manze, hakuna wino wa maji hapo. Kazi imefanywa na umeme tuli, ile stima haitembei kwa waya, inakaa tu juu ya kitu. Sugua biro kwa nywele kavu, uiweke karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitairukia. Ndio hiyo.

Ndani ya mashine kuna dramu imepakwa kitu flani noma: gizani inashika chaji, ikimulikwa inaiachilia. Inaanza ikiwa na chaji kila mahali. ID yako ikimulikwa, penye weupe panarudisha mwanga kwa dramu na chaji inahepa. Penye weusi, kama jina lako, hakuna mwanga unarudi, so chaji inabaki. Hapo dramu ina picha ya ID yako, lakini huwezi iona. Halafu inakuja tona, unga laini wa plastiki wenye chaji ya kinyume, inanasa palipobaki chaji. Karatasi nayo inapewa chaji kali zaidi inyang'anye dramu ule unga, kisha rola za moto zinauyeyusha ushike. Mashine za siku hizi huchora hiyo picha na leza, lakini mchezo ni ule ule.

Aliyeanzisha ni Chester Carlson, Mmarekani aliyechoka kunakili makaratasi kazini. Tarehe 22 Oktoba 1938, Astoria, New York, yeye na Otto Kornei walisugua bati ya zinki yenye salfa kwa kitambaa, wakaimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakamwagia unga. Maandishi yakatokea. Kampuni zaidi ya 20 zikamkatalia, IBM ikiwemo! (Mimi niliachia chuo katikati, na bado hiyo ingenimaliza.) Xerox 914 ilitoka 1959.

Sasa wewe, kabla ulipe, pitisha kidole kwa maandishi. Yakifutika, rola haikupata moto wa kutosha, mwambie arudie. Yakiwa yamefifia, huenda karatasi zake zimeshika unyevu na chaji inavuja. Mwambie afungue rimu ingine.