Kadi Mbili, Mgonjwa Mmoja: Historia ya Uratibu wa Medicare na Medicaid nchini Marekani, 1965–2021

1.0 Utangulizi

Tarehe 30 Julai 1965, katika mji wa Independence, jimbo la Missouri, Rais Lyndon B. Johnson alitia saini sheria iliyozaa mipango miwili ya afya ya umma. Mpango wa Medicare uliwalenga wazee wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wawe matajiri au maskini. Mpango wa Medicaid uliwalenga maskini wa makundi maalumu, wakiwemo wazee, watu wasioona, watu wenye ulemavu na familia zenye watoto. Hivyo basi, tangu siku ile kulikuwa na mtu aliyehesabiwa pande zote mbili, naye ni mzee maskini. Katika miaka ya karibuni watu wenye kadi zote mbili wamefikia takriban milioni 12. Ni chini ya moja ya tano ya wanachama wote wa Medicare, lakini matibabu yao huchukua takriban theluthi moja ya matumizi ya mpango huo.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba matatizo ya watu hawa yanatokana na urasimu, yaani fomu nyingi, ofisi nyingi na mawasiliano hafifu. Insha hii inajenga hoja tofauti. Inadai kwamba utengano wa mipango hii ulikuwa mapatano ya kisiasa ya mwaka 1965, na kwamba juhudi nyingi za uratibu zilizofuata zilisogeza mpaka kati ya mifuko miwili bila kuuondoa. Pale ambapo fedha ziliunganishwa kweli, huduma nayo iliungana.

2.0 Mizizi ya Utengano

Mipango hii ilirithi mikondo miwili ya fikra. Medicare ilitokana na bima ya jamii, ambapo mfanyakazi huchangia akiwa na nguvu na kupata haki yake akizeeka. Medicaid ilitokana na misaada kwa mafukara, hasa Sheria ya Kerr-Mills ya mwaka 1960, iliyoyapa majimbo fedha za shirikisho kwa ajili ya matibabu ya wazee wasiojiweza. Katika mkondo wa kwanza, mtu hudai haki kwa sababu amechangia. Katika mkondo wa pili, hana budi kuthibitisha ufukara wake.

Wilbur Mills, mwenyekiti wa kamati ya mapato ya Baraza la Wawakilishi, alikuwa na mapendekezo matatu yaliyoshindana mezani. Serikali ilitaka bima ya hospitali. Wabunge wa chama cha Republican walitaka bima ya hiari ya gharama za madaktari. Chama cha madaktari kilitaka misaada ya Kerr-Mills ipanuliwe. Mills aliyaunganisha yote katika mswada mmoja. Pendekezo la kwanza likawa Sehemu A ya Medicare, la pili Sehemu B, na la tatu likawa msingi wa Medicaid. Kwa njia hiyo kila kundi lilipata sehemu ya ushindi. Hata hivyo, Medicare iliwekwa chini ya serikali ya shirikisho kwa kanuni zilezile nchi nzima, ilhali Medicaid iliachiwa majimbo kuiendesha kwa gharama ya pamoja na shirikisho. Jimbo la Arizona halikujiunga na Medicaid hadi mwaka 1982.

Watunga sheria walimfikiria mzee maskini, lakini kwa ufinyu. Sehemu B ilidai ada ya dola 3 kwa mwezi, na mgonjwa alipaswa kulipa dola 50 za mwanzo kila mwaka, kisha asilimia 20 ya gharama zilizobaki. Sheria iliyaruhusu majimbo kuwalipia maskini wao ada hiyo. Kanuni hii, ambayo ndiyo chimbuko la uratibu, ilihusu nani alipe. Haikusema nani amwangalie mgonjwa.

3.0 Mgonjwa Kati ya Mifuko Miwili

Athari ya mgawanyo huu inaonekana wazi zaidi katika nyumba za kulelea wazee. Medicare haigharimii malezi ya muda mrefu. Hulipia uuguzi wa kitaalamu kwa muda usiozidi siku 100, baada ya mgonjwa kulazwa hospitalini kwa angalau siku tatu. Malezi ya miaka mingi ya mzee asiyeweza kujilisha wala kujiogesha yaliiangukia Medicaid, na wengi waliihitaji baada ya kumaliza akiba yao yote kulipia malezi hayo.

Tuchukue mfano wa mkazi wa nyumba ya aina hiyo anayepatwa na homa ya mapafu. Akitibiwa papo hapo kitandani pake, gharama ya uangalizi wa ziada huibeba nyumba yenyewe, ambayo hulipwa na Medicaid. Akipelekwa hospitalini, bili kubwa huiendea Medicare. Akirudi baada ya siku tatu, nyumba inaweza kulipwa na Medicare kwa kiwango cha juu zaidi kuliko awali. Kwa hiyo jimbo halina faida ya kifedha katika kumkinga mzee huyu na safari ya hospitali, kwa kuwa fedha zitakazookolewa si zake. Nayo Medicare haina sababu ya kugharimia msaada wa nyumbani utakaomchelewesha mtu kuingia katika nyumba ya wazee, kwani nafuu yake itaonekana katika hesabu za Medicaid. Kila mfuko hutenda kwa busara yake, na anayeumia ni mgonjwa anayehamishwahamishwa.

Mwaka 1972 kundi hili lilipanuka, Bunge lilipowaingiza katika Medicare watu wenye ulemavu waliokuwa wamepokea mafao ya ulemavu kwa miezi 24, pamoja na wagonjwa wa figo zilizoshindwa kufanya kazi. Tangu hapo, kuwa na kadi mbili hakukuwa tena suala la uzee peke yake.

4.0 Majaribio ya Uratibu

Hatua ya kwanza kubwa ilikuwa ya kiutawala. Mwaka 1977 usimamizi wa shirikisho wa mipango yote miwili uliwekwa chini ya wakala mmoja. Ofisi ziliungana, lakini sheria na bajeti zilibaki mbilimbili.

Hatua ya pili ilihusu mzigo wa mgonjwa mfukoni. Sheria ya mwaka 1988 iliyataka majimbo yawalipie wanachama maskini wa Medicare ada na sehemu yao ya gharama. Sheria hiyo ilizua ghadhabu ya wazee wenye kipato, waliotozwa kodi mpya ili kuigharimia. Mwaka 1989 kundi la wazee liliizingira gari ya mbunge Dan Rostenkowski mjini Chicago, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya sheria ikafutwa. Kipengele cha maskini kilinusurika. Hata hivyo, sheria ya mwaka 1997 iliyathibitishia majimbo ruhusa ya kuwalipa madaktari kwa kiwango cha chini cha Medicaid. Daktari alikatazwa kumdai mgonjwa pengo lililobaki, lakini angeweza kukataa kumpokea. Ulinzi wa mfuko wa mgonjwa ukageuka kuwa kikwazo cha kumwona daktari.

Hatua ya tatu, mwaka 2003, ilihamishia dawa za kundi hili kutoka Medicaid kwenda Medicare. Tarehe 1 Januari 2006 watu zaidi ya milioni 6 walihamishwa kwa mkupuo. Wengi walifika kwenye maduka ya dawa wakakuta majina yao hayamo katika kumbukumbu za bima mpya, na majimbo kadhaa yakalazimika kulipia dawa kwa dharura. Aidha, majimbo yaliendelea kudaiwa mchango wa kila mwezi kwa ajili ya dawa ambazo hayakuzisimamia tena.

Jaribio lililoenda kinyume na mwelekeo huu lilianzia chini. Katika mtaa wa Wachina mjini San Francisco, taasisi ya On Lok ilianza miaka ya 1970 kuwahudumia wazee dhaifu katika kituo cha mchana, wakirudi kulala makwao. Baadaye ilipokea malipo ya jumla kutoka mifuko yote miwili, na timu moja ya madaktari, wauguzi na wahudumu iliamua jinsi ya kuyatumia. Mwaka 1997 mfumo huo, uitwao PACE, ulithibitishwa kisheria kuwa wa kudumu. Umefanikiwa kwa sababu anayeokoa fedha ndiye anayezitumia tena kwa mgonjwa yuleyule. Udhaifu wake ni udogo, kwani umehudumia makumi ya maelfu tu kati ya mamilioni.

Sheria ya afya ya mwaka 2010 iliunda ofisi maalumu ya shirikisho ya kuratibu mipango hii, na kuanzia mwaka 2013 majimbo kadhaa yalijaribu kuunganisha malipo kwa kiwango kikubwa. Katika maeneo mengi wanachama waliandikishwa bila kuombwa ridhaa mapema, na wengi walijitoa wakihofia kupoteza madaktari wao. Sheria ya mwaka 2018 ilichukua njia ya wastani, kwa kuzitaka bima binafsi zinazohudumia kundi hili zitimize viwango vya chini vya uratibu kuanzia mwaka 2021.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kuunganisha ofisi, kadi au orodha za majina hakutoshi iwapo faida na hasara vinabaki katika hesabu tofauti. Jaribio la On Lok linathibitisha kwamba mfuko mmoja unaweza kuleta huduma moja, na majaribio ya baada ya mwaka 2013 yanatahadharisha kwamba muungano wa fedha pasipo imani ya wagonjwa hauendi mbali. Mapatano ya mwaka 1965 yaliwezesha sheria kupita, na mamilioni wametibiwa kwa sababu yake. Gharama ya mapatano hayo imeendelea kubebwa na wagonjwa walio wazee na maskini kwa pamoja, ambao hawakuwa na kiti mezani yalipofikiwa.