Mshiko wa Nondo Ndani ya Zege

Katika elimu ya ujenzi yako mambo ambayo jicho haliwezi kuyashuhudia, na mojawapo ni mshiko wa chuma ndani ya zege. Zege hustahimili kugandamizwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Chuma ndicho kibebacho mvuto huo. Walakini chuma hakitabeba kitu ikiwa chateleza ndani ya zege kama upanga katika ala.

Thaddeus Hyatt, Mmarekani aliyefanya majaribio yake London, alilifahamu jambo hilo mapema, na mwaka 1877 akachapisha taarifa ya boriti zilizojaribiwa katika mtambo wa David Kirkaldy. Baada yake Ernest Ransome wa San Francisco alipata hataza, mwaka 1884, ya nondo ya pembe nne iliyosokotwa kama kamba. Daraja dogo la Alvord Lake, alilolijenga mwaka 1889, lilinusurika katika tetemeko la 1906, na lingali limesimama. Kwa muuza nondo ushahidi huo ulitosha. Kwa mtaalamu haukutosha, naye alikuwa na haki: daraja lililosimama halisemi ni kitu gani kilichoshika.

Ndipo alipotokea Duff Abrams wa Chuo Kikuu cha Illinois, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1913. Nondo ilizikwa katika pande la zege. Zege lilipokwisha kukomaa, pande liliegemezwa kwenye bamba la chuma lenye tundu, na nondo ikavutwa kupitia tundu hilo. Kipimo kiliwekwa kwenye ncha isiyovutwa, ili kuona inapoanza kusogea. Nguvu ya mvuto iligawanywa kwa eneo la uso wa nondo uliogusana na zege, na jibu ndilo mshiko. Abrams alitenga mambo mawili: kunata kwa saruji, ambako hukoma nondo inaposogea, na msuguano unaofuata. Aliona pia kwamba nondo za kusokotwa, zilizosifiwa mno, hazikuzishinda zile laini za mviringo mwanzoni mwa kusogea. Nguvu zao zilidhihirika baada ya kuteleza sana, yaani wakati ambapo jengo lenyewe lingekuwa limekwisha kuharibika.

Ila jaribio hilo lina hila ndani yake. Bamba linalozuia pande hulibana zege lile lile linalojaribiwa, na zege lililobanwa hushika zaidi. Katika boriti ya kweli zege lililo kando ya nondo huvutwa pamoja nayo, tena lina nyufa. Kwa hiyo Abrams alijaribu boriti pia.

Mwaka 1946 Arthur Clark alilinganisha nondo za matuta za namna mbalimbali, na kazi hiyo ilisaidia kuweka kanuni ya Marekani ya kimo cha matuta na nafasi baina yake. Fundi wa leo asemapo nondo aghalabu huikusudia hiyo.

Matuta yalileta hatari nyingine: husukuma zege kwa nje hata likapasuka kwa urefu wa nondo. Mwaka 1971 Yukimasa Goto, huko Japani, alitia wino ndani ya vipande vya zege vilivyokuwa vikivutwa, kisha akavipasua. Wino ulionyesha nyufa ndogo ndogo zilizoanzia kwenye matuta, zikiinama kwa nyuzi 60 hivi kutoka mstari wa nondo, na nyingi hazikufika usoni mwa zege.