Hoya, ua la nta

Hoya ni jenasi ya mimea ya kutambaa inayopanda juu ya miti na miamba katika Asia ya kitropiki na visiwa vya Pasifiki. Jina lilitolewa na Robert Brown mwaka 1810 kumuenzi Thomas Hoy, mtunza bustani wa Syon House, karibu na London. Heshima ambayo watu wa jembe na mkasi huipata kwa nadra. Spishi mashuhuri zaidi ni Hoya carnosa, inayomea toka kusini mwa China hadi Japani. Carnosa ni Kilatini, maana yake “yenye nyama”, kwa unene wa majani.

Maua hutoka kwa mashada ya duara, kila ua nyota ya waridi hafifu. Ukilitazama kwa karibu, petali zina vinyweleo kama mahameli; kinachong'aa hasa ni nyota ndogo ya katikati. Harufu yake tamu huzidi usiku. Chavua haipeperuki: imeshikana katika madonge mawili mawili ya nta, yanayonasa mguuni mwa mdudu. Maua yakipukutika, kikonyo kisikatwe, kwani mengine huchanua papo hapo.